Mwili wa Mwanariadha Si Mali ya Shirikisho

Zipo dhuluma zinazotendwa gizani, na zipo zinazotendwa mchana kweupe zikiwa zimevishwa joho la haki. Hizi za pili ndizo mbaya zaidi, kwa sababu anayeonewa hutakiwa tena kushukuru. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba, 2025, siku chache kabla ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, ni ya aina hiyo. Kwa kanuni hiyo Shirikisho la Riadha Duniani lilimtaka kila mwanamke anayeingia katika mashindano yake makubwa atoe ute wa ndani ya shavu au damu, ili ionekane kama mwili wake una jeni iitwayo SRY. Asiyekuwa nayo hupita. Aliye nayo hufungiwa mlango wa mbio za wanawake, isipokuwa wachache mno ambao miili yao haiwezi kabisa kuitumia homoni ya testosteroni. Wanaume hawapimwi.

Watetezi wa kanuni hiyo waliitangaza kana kwamba ni tunda jipya la sayansi. Ukweli ni kwamba ni nguo kuukuu iliyopigwa pasi. Mwaka 1966 mjini Budapest, katika Mashindano ya Ulaya, wanariadha wa kike walipitishwa uchi mbele ya madaktari ili ithibitishwe kuwa wao ni wanawake. Aibu hiyo ilipopigiwa kelele, kikaletwa kipimo cha kromosomu, ambacho kilitumika katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kipimo hicho kilidumu kwa miaka thelathini hivi. Walipimwa wakulima na wafanyakazi, wanafunzi na akina mama. Lakini Princess Anne wa Uingereza, aliyekuwa katika timu ya wapanda farasi mjini Montreal mwaka 1976, hakutakiwa kupimwa. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba kipimo hiki kinajua nani ana mtu wa kumsemea na nani hana.

Mwaka 1985 mjini Kobe, mkimbiaji wa viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, aliambiwa kuwa kromosomu zake si za kike. Alikuwa mwanamke, amelelewa mwanamke, na mwili wake haukuweza kuitumia testosteroni hata chembe. Alivuliwa ushindi, akanyang'anywa msaada wa masomo, na siri yake ikatangazwa magazetini. Ilipofika mwaka 1988 ndipo alipoambiwa kuwa kosa halikuwa lake, wakati miaka yake bora ya kukimbia ilikuwa imekwisha kupita. Mjini Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walionekana kuwa na tofauti, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Kipimo kinachowakamata watu kisha kuwaachia wote kina faida gani? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe iliona haya, ikakiacha mwaka 1999. Leo kile kilichotupwa jalalani kimeokotwa, kikapewa jina jipya.

Kati ya kutupwa na kuokotwa huko kuna habari ya Caster Semenya, ambayo kila Mwafrika anapaswa kuijua vizuri. Agosti 2009, mjini Berlin, binti huyo wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 18 alishinda mbio za mita 800 kwa dakika 1:55.45. Saa chache kabla ya fainali, dunia nzima ilikuwa imekwisha kujua kuwa wakubwa wa riadha wameagiza achunguzwe kama ni mwanamke. Hakutumia dawa za kuongeza nguvu, hakumdanganya mtu, hakuvunja sheria yoyote. Kosa lake lilikuwa kukimbia sana na kutofanana na sura ya mwanamke iliyomo vichwani mwa wakubwa hao. Na hiyo kasi iliyowatisha haikuwa ya ajabu kiasi walichodai: katika maisha yake yote Semenya hakuifikia rekodi ya 1:53.28 iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia mwaka 1983.

Mwaka 2018 ilitungwa kanuni iliyomtaka yeye na wenzake wateremshe testosteroni yao chini ya nanomoli 5 kwa lita, la sivyo wasikimbie mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne ilikubali tarehe 1 Mei, 2019, kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi. Kisha, kwa kura mbili dhidi ya moja, ikasema ubaguzi huo ni wa lazima. Mantiki hiyo si ngeni kwa Waafrika. Mwaka 2023 kiwango kiliteremshwa hadi nanomoli 2.5 na kanuni ikatandazwa juu ya michezo yote ya riadha. Tarehe 10 Julai, 2025, Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu liliamua, kwa kura 15 dhidi ya 2, kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki na mahakama ya Uswisi. Lakini wakati huo alikuwa na umri wa miaka 34. Haki ilimfikia mbio zikiwa zimekwisha.

Kanuni ya mwaka 2018 iliegemezwa juu ya nini? Iliegemezwa zaidi juu ya uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 na wataalamu wa Shirikisho lenyewe. Mtunga sheria ndiye aliyekuwa shahidi. Uchunguzi huo ulidai kuwa wanawake wenye testosteroni nyingi walifanya vizuri zaidi katika mita 400, mita 400 za viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Ajabu ni kwamba nyundo na upondo viliachwa nje ya kanuni, na mita 1500 zikaingizwa. Agosti 2021, mwezi ule ule ilipomalizika Michezo ya Tokyo, waandishi wa uchunguzi huo walitoa sahihisho wakikiri kuwa maneno yao yangeweza kupotosha, kwa kuwa hawakuthibitisha kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Sahihisho hilo halikuwafaa kitu Christine Mboma na Beatrice Masilingi wa Namibia, wasichana wa miaka 18 ambao walikuwa wamekwisha zuiwa kukimbia mita 400 katika michezo hiyo.

Laiti madhara yangeishia kwenye medali. Mwaka 2013 madaktari huko Ufaransa waliandika katika jarida la kitabibu juu ya wanariadha wanne, wenye umri kati ya miaka 18 na 21, waliotoka mashambani na milimani katika nchi zinazoendelea. Madaktari walikiri kuwa tezi zilizokuwa tumboni mwa wasichana hao hazikuwa na hatari kwa afya zao. Hata hivyo walizitoa, na wakakata sehemu nyingine za siri za miili hiyo, ili wenye miili warudi mashindanoni. Annet Negesa wa Uganda, bingwa wa mita 800 wa Michezo ya Afrika ya mwaka 2011, alieleza mwaka 2019 kuwa alipasuliwa mwaka 2012 bila kuelezwa sawasawa atakachofanyiwa, na kwamba baada ya hapo mwili wake haukurudi tena kama ulivyokuwa. Shirikisho lilikana kuhusika. Atafutwe wa kulaumiwa au asitafutwe, kovu liko katika mwili wa binti wa Kiafrika.

Wapo watakaosema kuwa pasipo mpaka hakuna michezo ya wanawake, na kwamba baleghe ya kiume humpa mtu nguvu na kasi ambayo mwanamke wa kawaida hawezi kuifikia. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kubezwa. Msichana anayeshika nafasi ya nne naye ana haki yake. Lakini haja ya kuwa na mpaka si ruhusa ya kuuchora kwa kisu. Anayedai mpaka ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi uliopimwa na watu wasio waajiriwa wake, kutunza siri ya anayepimwa, na kutogusa mwili usiougua. Katika mambo hayo matatu rekodi ya wakubwa wa riadha ni chafu. Nao hawakuchukua muda kuona mpaka huo umemwangukia nani: mjini Rio mwaka 2016 medali tatu za mita 800 zilikwenda kwa Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni ya mwaka 2018 iliwaondoa wote watatu katika mbio hizo.

Lawama haiwezi kuishia ng'ambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Vyama vya riadha vya Afrika mara nyingi vimekuwa tarishi wa kupeleka sampuli na kuleta hukumu. Mfano wa kinyume upo. Ufaransa ina sheria isiyoruhusu watu kupimwa vinasaba kwa sababu za michezo, na mwaka 2025 sheria hiyo haikulegezwa kwa ajili ya Shirikisho. Wanariadha wake ikabidi wapimwe nje ya nchi. Tanzania nayo inayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizo hazikutungwa zipambe makabati. Maofisa wanaosimamia afya, sheria na michezo wanao wajibu wa kuhakikisha kuwa hakuna binti anayetoa damu yake pasipo maelezo katika lugha anayoielewa, pasipo daktari asiye wa Shirikisho, na pasipo wakili.

Walimu nao wasidhani jambo hili liko mbali nao. Binti atakayesimama Tokyo au Paris huonekana kwanza katika uwanja wa shule na katika michezo ya UMISSETA. Mwalimu ndiye atakayesikia minong'ono ya kwanza kuwa fulani si msichana, na ndiye atakayeizima au kuichochea.

Afrika si yatima wa sauti. Mwaka 1976 nchi zake zaidi ya ishirini, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, ziliondoka Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 wakati huo, hakukimbia. Machi 2019 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililoletwa na Afrika Kusini kupinga kanuni za namna hii. Kinachotakiwa ni vyama vya riadha vya Afrika kuingia katika vikao vya Shirikisho vikiwa na msimamo mmoja, kabla kanuni nyingine haijatungwa. Medali hurudishwa, na rekodi huandikwa upya. Kilichokatwa katika mwili wa mtu hakirudishwi.