Kabla ya kuuza gari, tengeneza miguu yake

Huku kwetu Baraka na Fizi tuko na mazoea yanayotumalizia makuta. Gari likianza kugonga chini kwenye kila shimo, abiria wakishuka na migongo ikiwauma, mwenyewe anasema limezeeka. Analiuza kwa hasara, anakopa, anaagiza lingine kupitia Dar es Salaam na Kigoma. Halafu barabara ni ileile. Haipiti muda mrefu, gari "jipya" nalo linagonga. Kwa maoni yangu, mara nyingi lile la kwanza halikuwa limekufa. Kilichokufa ni amotisa, zile ambazo wenzetu wa Kigoma wanaita shokapu, pamoja na springi zake.

Springi ao lame ndiyo inabeba uzito. Amotisa kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka. Ndani mwake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mruko inageuka kuwa joto. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Makobola, Mboko na Nundu mpaka Baraka, kisha kupanda Fizi, amotisa haipumziki hata kidogo. Mafuta yanapata joto, yanakuwa mepesi, mpira wa juu unaanza kuvuja. Toka hapo tairi inaacha ardhi mara kwa mara, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haifuati usukani. Kwa hiyo si jambo la starehe. Shofere anayebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenda hospitali ya Nundu analijua hili kuliko mimi ninayeandika.

Sasa kuna vijana wanaouliza kama wanaweza kuweka kwenye gari la zamani zile amotisa "zenye akili", zinazojibadilisha zenyewe kulingana na barabara. Swali ni zuri, na teknolojia yenyewe si ngeni. Toyota iliiweka kwenye gari la Soarer mwaka 1983. Vidude vya kupima vinasikia gari linavyotikisika, kompyuta inaamua, na vali inapanua ao kupunguza njia ya mafuta ndani ya amotisa. Prado na Land Cruiser 100 za bei ya juu zilitoka kiwandani na mitambo ya namna hiyo. Na kampuni ya Tein ya Japani inauza mota ndogo zinazofungwa juu ya amotisa zake, shofere anabadilisha ugumu kwa kubonyeza akiwa amekaa kitini.

Jibu langu: chukueni wazo, acheni kompyuta.

Waya za vidude hivyo hupita karibu na gurudumu, mahali penye matope na mawe. Ukikatika mmoja, taa inawaka mbele ya shofere na fundi wa garaji ya mtaani hana mashine ya kuusoma ugonjwa. Kipuri kinasubiri boti. Hata nje ya Kongo, wenye Prado ambazo mifuko ya hewa imepasuka nyuma wengi huitoa na kuweka springi za kawaida, taa ikabaki inawaka tu. Ukiona gari la namna hiyo linauzwa bei rahisi, uliza kwanza kuhusu miguu yake.

Lakini wazo lenyewe, kwamba ugumu ubadilike kulingana na hali, linatufaa kuliko watu wa Ulaya kwenye lami yao. Gari la kwetu linapanda Fizi na saruji, chumvi na watu juu ya mizigo, na linaweza kushuka na abiria wanne. Dawa yetu imekuwa kuongeza lame. Likijaa, linakaa vizuri. Likiwa tupu, linaruka kama mwana wa mbuzi, na hapo ndipo chasi inapoanza kupasuka. Kuna njia mbili ambazo hazihitaji kompyuta. Ya kwanza ni amotisa za kurekebisha kwa mkono: Rancho ya Marekani inatengeneza aina yenye kifundo cha nafasi 9, unakizungusha kabla ya safari. Ya pili ni mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Kwa gari kama Prado inaingia katikati ya springi ya nyuma; unaijaza kwa pampu ukipakia, unaipunguza ukishusha. Mfuko wa namna hii ukipasuka, springi bado ipo na gari linafika.

Mtu asinielewe vibaya: hewa haiongezi uwezo wa gari. Ekseli, breki na chasi ni zilezile. Na kama chasi imeshapasuka ao imeliwa na kutu, ao mota inakula mafuta, hapo nakubali, uza. Usinunue pia amotisa moja iliyotumika ukaichanganya na tatu za zamani. Zinabadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto.

Kuna watakaosema tutengeneze barabara kwanza, si magari. Wako na haki. FONER ilianzishwa mwaka 2008 ili makuta yanayokatwa kwenye mafuta na kwenye vituo vya malipo yatunze barabara, na sisi tunalipa kila tunaponunua lita moja. Swali hilo tuendelee kuliuliza Bukavu na Kinshasa. Lakini mwenye gari moja linalolipa masomo ya watoto hawezi kulisimamisha akingoja jibu.

Anayetaka kuuza mwezi huu afanye hivi kwanza. Alipaki mahali tambarare, alale chini na kutazama kama kuna mafuta yanayochuruzika kwenye amotisa. Kisha akandamize kona moja ya gari kwa nguvu na kuiachia. Ikipanda na kutulia, shida iko kwingine. Ikiendelea kuyumba mara tatu, nne, aende garaji kabla ya kutafuta mnunuzi.