Mgonjwa wa mfupa ageuzwe

Mwandishi, asante kwa makala, ila hapo uliposema aliyevunjika mguu aachwe alale asisumbuliwe, naomba nipinge. Kaka yangu alivunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, tukamuuguza nyumbani miezi kadhaa. Mfupa uliunga vizuri. Kilichotutesa ni vidonda vya kulala. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, hata usiku, na mkague visigino, nyonga na juu ya makalio kila siku. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kama pana joto au pamekuwa pagumu. Na ndugu uliyeshauri hapo juu kukanda mguu uliovimba kwa maji ya moto, tafadhali usimwambie mtu hivyo! Kigimbi cha upande mmoja kikivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu linaua. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akiamka usiku kumgeuza kaka, huku wageni wakimpa pole mgonjwa peke yake. Mkienda kumjulia hali mtu, mpokeeni zamu anayemuuguza, naye akalale kidogo.