Mlezi Naye Ahesabiwe

Wadada, wakaka, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuna ombi moja: mkiandika jina la mtu mwenye ulemavu kwenye orodha, andikeni pia jina la yule anayemwogesha.

Sisi wakimbizi wa Kigali tunatarajiwa kujitegemea. Hatuna posho ya kila mwezi kama wenzetu wa Mahama au Kiziba. Ndiyo maana tulifurahi mwaka 2019, serikali na UNHCR walipokubaliana tuingizwe kwenye mituweli. Leo ukiugua unaenda kituo cha afya kama jirani yako Mnyarwanda. Lakini mituweli inalipia matibabu, hailipii safari. Mtu wa kiti cha magurudumu hapandi pikipiki. Kwenye ngazi za milimani kwetu anabebwa mgongoni mpaka barabarani, halafu inatafutwa teksi, na teksi ni pesa.

Nani anambeba? Mara nyingi ni mama au dada mkubwa. Asubuhi anamwogesha na kumvalisha, usiku anaamka kumgeuza ili asipate vidonda. Kisha yanatangazwa mafunzo ya ushonaji, kila siku saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Huyu dada ataenda vipi? Mwishowe tunasikia eti vijana hawajitokezi. Jamani! Wanaojitokeza ni wale wasio na mtu wa kumwacha nyumbani.

Wengine wanasema kumtunza ndugu si kazi, ni upendo. Hatubishi, ni upendo. Ila upendo hautibu mgongo, wala haurudishi mwaka wa shule uliopotea. Na mlezi akianguka, wanaumia wawili.

Wafanyakazi wa mashirika, njooni mpaka nyumbani. Kwenye bajeti ya mafunzo wekeni pesa ya mtu wa kushika nafasi ya mlezi, na pesa ya teksi siku ya hospitali. Mwenye ulemavu muulizeni mwenyewe anataka nini, asisemewe. Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 2008, kwa hiyo hapa hatuombi fadhila.

Na sisi vijana tusikae tu kulalamika. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tuko umuganda. Tuongee na viongozi wa mudugudu, siku moja tutengeneze njia ya kiti pale penye ngazi. Jumamosi zingine tupeane zamu: watu wawili, nyumba moja, masaa matatu. Kama anayetunzwa ni dada, waende wadada, na yeye akubali kwanza.

Masaa matatu ni kidogo, ndiyo. Lakini mlezi atalala, au atasuka nywele, au atakaa tu bila kuitwa. Unajua nyumba yenye uhitaji? Tuandikie inboksi, majina ya watu tusiyaweke hapa. Zamu ya kwanza tunaanza Jumamosi hii.