Bahari Nyekundu: Haki ya baharia ipo kwenye karatasi tu?

Julai 2025, Wahouthi wa Yemen walizamisha meli mbili za mizigo ndani ya wiki moja. Zote zilikuwa za kampuni za Ugiriki, bendera ya Liberia. Mabaharia wa Magic Seas waliokolewa wote. Wa Eternity C, karibu wote Wafilipino, hawakuwa na bahati hiyo: wapo waliokufa, wapo waliochukuliwa mateka.

Kwa nini walipita huko? Makubaliano ya vyama vya mabaharia na waajiri yanampa baharia haki ya kukataa safari ya eneo la vita na kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni. Sawa. Lakini kazi yake ni mkataba wa miezi tu. Akigoma leo, kesho nani atampa meli nyingine?