Mama Akienda Kazini, Mtoto Abaki na Nani?

Saa kumi na moja alfajiri, jua lingali chini ya vilima, wanawake wenye mifagio wamekwisha kuanza kazi katika barabara za Kigali, mji ambao sifa zake za usafi zimeenea Afrika nzima. Wenzao wamo njiani kuelekea soko la Kimironko au kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Wengine wamevaa sare na wanakwenda kupokea zamu. Wengi wao ni akina mama wenye watoto wadogo. Mgeni anayezisifu barabara zile ni nadra kuuliza watoto wa wale wanaozifagia wameachwa kwa nani.

Zamani swali hilo halikuwapo. Mtoto alikuwa na bibi, alikuwa na shangazi, na kama hao hawapo alikuwa na ua mzima wa jamaa. Mjini mambo ni mengine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,700,000 katika wilaya tatu za Kigali, yaani Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, na wengi wa watu hao ni wahamiaji ambao wazee wao wamebaki mashambani. Tena Rwanda ina jeraha lake la peke yake: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliziacha nyumba nyingi bila mtu mzima hata mmoja wa ukoo. Mama wa leo mwenye umri wa miaka thelathini na kitu huenda hakumjua bibi yake, sembuse kumwachia mtoto.

Basi huchagua katika machache aliyo nayo. Mwenye mshahara huajiri yaya, naye mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini ambaye mwenyewe angali anahitaji kulelewa. Mwenye mshahara mnono hupeleka mtoto kwenye kituo cha binafsi chenye bembea na ukuta wa rangi, ambacho ada yake mfagiaji hawezi hata kuiota. Asiye na kitu humfunga mtoto mgongoni na kuingia naye sokoni katika jua na vumbi, au humwachia dada wa miaka minane ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Njia hii ya mwisho huonekana kuwa ya bure, kumbe ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote, kwani hupoteza masomo ya mtoto mmoja bila kumpa mwingine malezi ya maana.

Sheria imesaidia kwa kiasi. Tangu mwaka 2023 likizo ya uzazi nchini Rwanda imekuwa wiki 14 badala ya 12, na fungu la kuilipa huchangwa na mwajiri na mwajiriwa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini likizo ni ya mwenye mkataba. Muuza nyanya hana mkataba, na hata huyo aliye nao, wiki ya kumi na tano huwa imefika wakati mtoto hajaweza kukaa.

Katika hali hiyo ndipo lilipozaliwa irerero. Hilo ni neno la Kinyarwanda lenye maana ya mahali pa kulelea watoto, na siku hizi hata Waswahili wa Nyamirambo wanalitumia bila kulitafsiri. Serikali ilitoa sera ya malezi ya watoto wadogo mwaka 2011, na tangu mwaka 2020 kazi hiyo imo chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo ya Mtoto. Vituo vya kwanza vilivyojengwa kwa msaada wa Wakfu wa Imbuto na UNICEF vilikuwa majengo mazuri yenye jiko, choo cha watoto na uwanja. Muda si mrefu ikadhihirika kwamba majengo ya namna hiyo hayawezi kufika kila mtaa. Ikabuniwa njia nyepesi zaidi: familia kadhaa za jirani huchagua nyumba moja yenye nafasi, huchagua walezi miongoni mwao, walezi hao hupewa mafunzo, na wazazi huleta unga, kuni, maziwa au sabuni kila mmoja kwa uwezo wake. Vituo vya nyumbani vya namna hiyo sasa vinahesabiwa kwa maelfu mengi nchini, na ndivyo vilivyo vingi kupita vya aina nyingine zote.

Shabaha kuu ilikuwa lishe na ubongo wa mtoto. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba watoto 38 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2019 na 2020 ulikuta 33. Maendeleo yapo, ingawa mtoto mmoja katika watatu bado alikuwa mfupi kuliko umri wake, na kudumaa hakuishii kwenye urefu, bali huingia pia katika akili na darasani. Kwa hiyo uji wa irerero, mikono inayonawa kabla ya kula, nyimbo, na mtu mzima anayezungumza na mtoto mchana kutwa, hayo yote ni sehemu ya matibabu.

Hata hivyo, irerero la nyumbani lilipangwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu hadi sita, na mara nyingi hufunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya adhuhuri. Kwa mkulima anayelima karibu na nyumba saa hizo zatosha. Kwa mama wa Kigali hazitoshi hata kidogo. Askari polisi mwanamke aliye zamu hadi jioni, mfanyakazi wa hospitali ya Kanombe, mwanamke aliyebeba tofali tangu saa moja asubuhi, hawa hawawezi kuacha kazi saa tano na nusu wakamchukue mtoto. Na yule mwenye mtoto wa miezi sita huambiwa arudi baada ya miaka miwili na nusu.

Sababu ya saa hizo kuwa chache haina fumbo. Mlezi hujitolea. Asubuhi hulea watoto wa wenzake, mchana hulazimika kujitafutia chake. Ni kawaida katika nchi zote za Afrika Mashariki kumsifu mama wa kujitolea katika mikutano na kumpigia makofi, kisha kila mtu akaenda zake. Makofi hayanunui mkaa. Mlezi aliyefundishwa vizuri akipata kibarua cha kufua, huondoka, na mafunzo yake huondoka naye. Watoto waliokwisha kumzoea huanza upya na mtu mwingine.

Chukua mfano wa hesabu tu. Watoto kumi na wawili wenye umri wa miaka minne, kila mmoja akilipiwa faranga 300 kwa siku, huleta faranga 3,600. Unga, sukari, mkaa na sabuni vikichukua 1,500, hubaki 2,100 za mlezi. Si nyingi, lakini ni riziki. Sasa weka wachanga mahali pao. Mlezi mmoja hawezi kuwatunza wachanga zaidi ya watatu au wanne bila mmoja kulia peke yake. Wanne kwa faranga 300 ni 1,200, na hapo maziwa hayajanunuliwa. Ili mlezi wa wachanga apate kipato kile kile, ingempasa mama kulipa karibu mara tatu, naye hana. Ndipo wengine hupakia wachanga kumi katika chumba kimoja. Si kwamba ni watu wabaya, hesabu imewashinda.

Kwa hiyo malezi bora ya mtoto mchanga hayawezi kuwa rahisi kwa mama maskini isipokuwa mtu mwingine aongeze. Rwanda si mgeni wa jambo hili. Katika bima ya afya ya jamii, iitwayo mituweli, utaratibu wa mwaka 2011 uliwataka wenye uwezo walipe faranga 7,000 kwa kila mtu, wa kati 3,000, na mchango wa walio maskini kabisa, faranga 2,000, ukabebwa na serikali na wafadhili. Nchi iliyoweza kupanga hivyo kwa ajili ya malaria na kujifungua yaweza kupanga hivyo kwa ajili ya irerero. Waajiri nao wana mfano wa kufuata: katika baadhi ya mashamba ya chai ya Rwanda vituo vya watoto viliwekwa karibu na wachumaji, na mama akaacha kwenda shambani na mtoto mgongoni. Mkandarasi anayejenga ghorofa Kigali hashindwi kutenga chumba kimoja na mshahara wa mlezi mmoja. Kambi na vituo vya polisi, ambavyo vina ardhi, maji na ulinzi, vimekaa vizuri zaidi kuliko wote kuanza.

Wakati mipango hiyo ikingojewa, mzazi hana budi kuchagua leo. Asidanganywe na picha za ukutani. Na atazame sakafu: je, imefagiwa, na jiko la makaa liko wapi? Katika mji wa miteremko kama Kigali, aangalie kama kuna kizuizi kwenye ngazi na kwenye mtaro wa maji ya mvua. Chombo cha maji kiwe na kifuniko. Aulize kwa siku huja watoto wangapi na walezi ni wangapi, kisha siku moja aje bila kutarajiwa, saa sita mchana, ahesabu mwenyewe. Akiwakuta watoto wa miaka mitatu wamekaa kimya kabisa mbele ya televisheni, au wachanga wote wamelala fofofo kila ajapo, aulize wamepewa nini. Irerero zuri lina kelele.

Jambo la mwisho lawahusu akina baba, na hasa wenye sare. Majeshi ya Rwanda yametumika Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Msumbiji tangu Julai 2021, na mume akiwa huko mke hubaki na mzigo wote. Lakini aliye nyumbani hana udhuru huo. Mpango uitwao Bandebereho, ulioendeshwa na shirika la RWAMREC katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana, uliwakusanya wanaume wenye watoto wadogo na kuwafundisha malezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba walioshiriki walifuatana zaidi na wake zao kliniki, walifanya kazi za nyumbani zaidi, na kipigo kilipungua kwa mke na kwa mtoto. Katika mitaa ya Rwanda kuna mkutano wa jioni wa familia, umugoroba w'umuryango, ambamo mambo ya irerero yaweza kuzungumzwa. Huko ndiko mchango wa mlezi unakoweza kupangwa kwa faranga kamili, kwa tarehe kamili ya mwezi, na baba aliye mbali akautuma kwa simu pamoja na fedha za chakula.