Mkunga Atoke Nyumba ya Nani?

Wazazi wengi husema: "Binti yetu asizalishwe ila na mwanamke." Haja hiyo ni njema, wala hatuipingi. Lakini wazazi hao hao, binti yao akimaliza Kidato cha Nne, huona amekwisha soma ya kutosha. Basi mkunga huyo wamtakaye atatoka nyumba ya nani?

Tutazame Kalenga, karibu na mji wa Iringa, mahali pajulikanapo kwa ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Binti wa hapo aliyefaulu masomo ya sayansi anayo njia. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3. Akifika shahada ya kwanza ni miaka 4, na mwaka wa mazoezi hospitalini. Kisha iko shahada ya uzamili, miaka 2. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, hufundisha uzamili wa ukunga na afya ya wanawake.

Wengine husema: "Kuzalisha kwataka mikono, si vitabu." Ni kweli, mikono haina badali. Lakini mama akitokwa na damu nyingi, au akishikwa na kifafa cha mimba, wakati ni mchache, na asiyejua sababu hukawia. Tena mkunga wa uzamili huwafundisha wakunga wengine, na huchunguza kwa nini mama fulani alikufa ili wa pili asife. Elimu yake huwafikia wanawake asiowaona kamwe.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini kila mmoja wa hao 104 ameacha nyumba yenye kilio.

Wala jambo hili si geni kwetu. Rufaida al-Aslamiya aliwauguza majeruhi hemani, penye Msikiti wa Mtume, Madina.

Basi, enyi akina baba, mchumba akija kumposa binti anayesoma, msiyafunge madaftari yake. Shauri la masomo lizungumzwe wazi mbele ya walii, kabla ya ndoa, si baada yake. Nanyi akina mama, karo iwekwe akiba mapema kama iwekwavyo akiba ya arusi. Arusi ni ya siku moja. Mkunga hodari atahitajiwa na wajukuu wenu.