Mpelekeni Kijana, Lakini Si Kama Sanduku

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeimbiwa tangu darasa la kwanza, na kila mzazi anayo mdomoni. Lakini samaki huyo anapofika umri wa miaka 14 hadi 17, wakubwa huwa hawajui wamweke wapi. Akicheza na wadogo zake huambiwa, "Jitu zima wewe, huoni haya?" Akisogea karibu na wazee huambiwa, "Haya mazungumzo si ya watoto." Sasa aende wapi? Apande juu ya mti?

Nataka kulijadili jambo hili kwa kutumia mfano ambao huenda ukakushangaza, nao ni meli ndogo za kitalii. Siyasemi yale majumba yanayoelea kama mji mzima. Nasema zile zinazobeba watu 16, au 50, au 100 hivi, ambamo karibu kila abiria ni mtu mzima, na wengi wao wamekwisha kustaafu. Humo hakuna disko la vijana wala michezo ya kompyuta. Kuna vitabu, darubini za kutazamia ndege, mihadhara ya jioni na mazungumzo mezani. Je, ni sawa mzazi kumpeleka mwanawe barobaro katika meli ya namna hiyo? Wapo wanaosema la, huko ni kumtesa mtoto na kuwasumbua wakubwa. Mimi nasema apelekwe, ila kwa masharti. Hebu nitegee sikio.

Najua utauliza, "We mwana wa shule ya kutwa, unayekuja shule kwa miguu, meli za matajiri zakuhusu nini?" Swali zuri hilo. Kwanza, meli za watalii hutia nanga papa hapa kwetu, katika bandari ya Mombasa, na huenda wengine wetu wakaajiriwa humo kesho na keshokutwa. Pili, na hili ndilo kubwa, jambo lenyewe si la pesa. Ni la kijana kupewa nafasi kati ya watu wazima. Lipo melini kama lilivyo kwenye kikao cha mahari au kwenye matanga. Tofauti ni kwamba nchi kavu ukichoshwa na wazee unatoka nje na kwenda zako. Melini utatoka uende wapi, nawe umezungukwa na maji pande zote?

Basi tuanze kwa kutofautisha meli na meli. Mwezi wa Januari 2024 ilianza safari zake meli iitwayo Icon of the Seas, ambayo ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Ina mabwawa saba ya kuogelea na nafasi zilizotengwa kwa watoto na vijana. Ukimpeleka kijana humo, asubuhi mnaagana na usiku mnaonana. Ataburudika, sikatai. Lakini ataburudika na vijana wenzake kama afanyavyo kila siku, kisha arudi nyumbani bila kumjua mtu mzima hata mmoja zaidi ya wale aliotoka nao.

Kwa upande wa pili, zipo meli ambazo zimefunga mlango kabisa. Kampuni ya Viking haichukui abiria aliye chini ya miaka 18. Meli ya Arcadia ya kampuni ya P&O ya Uingereza ni ya watu wazima peke yao. Hapo sina ubishi. Mtu aliyelipa pesa zake apate utulivu ana haki ya kuupata, na mzazi asijaribu kupenyeza mtoto kwa hila. Mwenye nyumba akisema hodi haisikiki, tunarudi zetu kwa heshima.

Ninazozizungumzia ni zile za katikati, ambazo hazikukataza vijana ila hazikutengenezwa kwa ajili yao. Mfano mzuri ni zile zinazozunguka visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador, yapata kilomita 1,000 kutoka bara la Amerika ya Kusini. Visiwa hivyo vinapitiwa na ikweta, mstari uleule unaopita Nanyuki na Maseno. Sheria za huko haziruhusu meli ya zaidi ya abiria 100 kuvizunguka, na nyingi hubeba 16 tu. Mbona 16? Kwa sababu mwongozaji mmoja mwenye kibali haruhusiwi kuongoza zaidi ya watu hao, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kutembea katika mbuga bila mwongozaji. Kila mmoja hutakiwa akae umbali wa mita mbili kutoka kwa mnyama. Kutoka melini hadi ufuoni watu huvushwa kwa mashua ndogo ambayo wenyeji huiita panga. Usiogope, si panga la kufyekea, ni Kihispania hicho!

Sasa mtazame kijana wa miaka 16 ndani ya panga hilo. Kuna wastaafu kumi, walimu wawili, daktari mmoja, wazazi wake, na yeye. Wote wanakwenda kuwaona kobe wakubwa, jamaa za wale wa Bamburi, na iguana wa baharini, ambaye ndiye mjusi pekee duniani anayejitafutia chakula baharini. Je, kobe atamwuliza kijana umri wake? Mwongozaji akieleza, anawaeleza wote sawasawa. Swali la kijana likiwa zuri, daktari atageuka amsikilize. Jioni, chakula kikiandaliwa, meza ni ileile. Yule mzee aliyekuwa mhandisi miaka 40 ataketi kando yake na kumwuliza, "Wewe unasoma nini?" Nawe ujue, wazee wa namna hiyo hawana haraka. Watamweleza kazi zao, vita walivyoviona, makosa waliyoyafanya. Shule gani inayotoa somo kama hilo?

Tena jambo hili si geni. Bila shaka umemsoma Charles Darwin katika kitabu cha Biolojia. Alifika Galápagos mwaka 1835 kwa meli ya Beagle, meli ndogo ya urefu wa mita 27 hivi, iliyobanana watu zaidi ya 70. Vitabu vyetu havisemi kwamba chumba alichofanyia kazi na kulala Darwin alikitumia pamoja na afisa mmoja na kijana mmoja, Philip Gidley King. Meli ilipong'oa nanga Uingereza mwezi wa Desemba 1831, King alikuwa na umri wa miaka 14! Ni kweli hakuwa mtalii. Alikuwa akifunzwa kazi ya unahodha, na maisha ya vijana melini wakati ule yalikuwa magumu, hata simtakii mtu. Lakini aliishi na kula na wakubwa, akasikia waliyoyasema. Uzeeni mwake alichora kwa kumbukumbu jinsi meli ile ilivyokuwa ndani, na wanaochunguza maisha ya Darwin bado huitazama michoro hiyo. Kijana aliyekaa kimya pembeni ndiye aliyekumbuka kila kitu kilipokuwa. Nani aliyesema kijana haoni?

Najua wapinzani wangu wameshanyoosha mikono. Wa kwanza atasema, "Kijana atachoshwa. Siku nane bila rafiki hata mmoja, huenda hata mtandao wa simu ni wa kubahatisha, huo si utalii, ni rumande!" Hoja hii nzito, nami siidharau. Upweke upo, na kuwa peke yako katikati ya watu kunauma kuliko kuwa peke yako nyikani. Lakini tujiulize, kuchoshwa ni ugonjwa? Mtu asiyewahi kukaa na nafsi yake hata saa moja atawezaje kusoma kitabu kizima au kumhudumia mgonjwa usiku kucha? Isitoshe, wanaochoshwa zaidi ni wale waliopelekwa bila kuulizwa. Hapo nitarudi.

Wa pili atasema, "Wakubwa wamekwenda kupumzika, watoto ni kelele." Sawa, watoto wadogo ni kelele, na ndiyo maana baadhi ya meli huweka umri wa chini wa abiria. Lakini kijana wa miaka 16 si mtoto wa miaka minne. Anajua kunyamaza mhadhara ukiendelea. Anajua kusema shikamoo, au salamu yoyote inayofaa huko aendako. Na tuseme ukweli, bwana, wapo watu wazima ambao kelele zao zikianza hata pomboo wanahama! Adabu haihesabiwi kwa miaka.

Wa tatu, na huyu ni mzazi, atasema, "Huko kuna baa. Mwanangu ataona watu wanakunywa." Lo! Kwani hapa nyumbani haoni? Kila harusi, kila Krismasi, kila kituo cha matatu? Afadhali aone mbele ya macho ya babake na mamake, amwone mtu mzima akinywa glasi moja na kusema yatosha, au amwone mwingine akijiaibisha, kisha wazungumze nyumbani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Melini mama yupo na ulimwengu upo, somo limekamilika.

Sasa nije kwenye masharti, maana nilisema tangu mwanzo kuwa yapo.

Sharti la kwanza, kijana aulizwe. Si kuambiwa, "Tia nguo mkobani, kesho twaenda." Aelezwe wazi kwamba hakutakuwa na vijana wengine, kwamba atasafiri na watu wa rika la babu yake, na kwamba kuna mihadhara ya ndege na mawe. Akikataa, akataliwe kukataa? La hasha! Abaki kwa shangazi, na pesa zisitupwe baharini. Katika meli ndogo nafasi ni chache, na aghalabu ya kijana hulipiwa kama ya mtu mzima.

Sharti la pili, apewe kazi ya kweli. Awe ndiye mwandishi wa safari, au mpiga picha, au mwenye kuhesabu aina za ndege walioonekana. Sanduku hubebwa, likafungwa chumbani, likatolewa siku ya mwisho. Mzazi akimpeleka mwanawe hivyo, asishangae akirudi amenuna.

Sharti la tatu, wakubwa wamwite kwa jina lake. Wasizungumze juu ya kichwa chake, wakimwuliza mamake, "Anapenda hesabu?" na yeye mwenyewe amesimama hapo hapo. Si ana mdomo?

Sharti la nne ni la kijana mwenyewe. Nafasi kati ya wakubwa hailetwi na umri, huletwa na mwenendo. Aweke simu mfukoni mezani. Asikilize kabla ya kusema. Awahi panga asubuhi, asingojewe na watu 15. Ukitaka kuhesabiwa mtu mzima, usiombe huruma ya mtoto.

Hapa nataka niwakumbushe jambo moja ambalo bahari yenyewe imelikata. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba pwani ya Italia, na watu 32 wakafa. Walikuwamo abiria waliopanda siku iyo hiyo, ambao walikuwa hawajafanyishwa mazoezi ya kujiokoa. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu 2015 abiria wapya hufanyishwa mazoezi hayo kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Kengele ikilia, mzee wa miaka 80 na kijana wa miaka 16 husimama mstari mmoja, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea maisha. Kijana anatazamiwa ajue kituo chake, afuate amri, na amsaidie aliye dhaifu. Basi nauliza, ikiwa wakati wa hatari kijana anahesabiwa mtu kamili, kwa nini wakati wa chakula cha jioni ahesabiwe mtoto?

Wenzangu, huenda wengi wetu tusipande meli ya kitalii kamwe, ila hoja itabaki ileile nchi kavu. Wiki ijayo kutakuwa na kikao cha ukoo mahali fulani, au mzee fulani atakuwa anasimulia habari za zamani, na kijana atafukuzwa akachezee nje. Wazazi na walimu wetu watukufu, msimfukuze. Mpisheni kiti. Na wewe kijana mwenzangu, ukipishwa, keti vizuri, funga mdomo kidogo, fungua masikio. Wazee hawa hawatadumu milele, na waliyo nayo vichwani hayamo katika kitabu chochote cha maktaba yetu.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mwenye kupinga aandike toleo lijalo, nami nitamjibu.